Weupe wa Picha Si Nguvu ya Mfupa

Daktari akiinua filamu ya eksirei mbele ya taa, kitu cha kwanza anachokiona kila aliyemo chumbani ni weupe. Mfupa mweupe unaonekana mzima. Mfupa wa kijivu unaonekana umechoka. Mgonjwa ambaye hajawahi kusoma lolote kuhusu mionzi huondoka na tafsiri hiyo kichwani, na wala si yeye peke yake. Sehemu kubwa ya tiba ya mifupa duniani, kwa zaidi ya miaka thelathini, imejengwa juu ya weupe huohuo, tofauti tu ni kwamba siku hizi mashine huupima na kuupa namba. Namba hiyo ina manufaa yake na nitayataja. Lakini ikitumiwa peke yake inapotosha, na sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu zetu wenyewe za kutoipokea kama ilivyo.

Mwaka 1990, B. Lawrence Riggs na wenzake wa Mayo Clinic, Minnesota, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila anayezungumzia vipimo vya mifupa angepaswa kulijua. Wanawake 202 waliokwisha kukoma hedhi, wenye mifupa dhaifu na pingili za mgongo zilizokwisha kubonyea, waligawanywa makundi mawili. Wote walipewa kalsiamu. Kundi moja likaongezewa floraidi ya sodiamu, miligramu 75 kwa siku, kwa miaka minne. Katika kundi hilo, msongamano wa madini kwenye pingili za kiuno ulipanda kwa asilimia 35. Kwa kipimo cha picha, huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini pingili ziliendelea kuvunjika karibu sawasawa na za wenzao, na nje ya uti wa mgongo hali ilikuwa mbaya zaidi: mivunjiko 72 kwa waliomeza floraidi, 24 kwa wasioimeza. Mifupa ilikuwa imejaa madini na kuwa rahisi zaidi kuvunjika, vyote kwa wakati mmoja.

Kwa msomaji wa Minnesota hiyo ni habari ya dawa iliyoshindwa. Kwa msomaji wa Arumeru, chini ya Mlima Meru, ni habari ya maji ya kunywa.

Miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru na Kilimanjaro, na kuendelea ndani ya Bonde la Ufa hadi Naivasha, Nakuru na Baringo, huachia floraidi ndani ya chemchemi, mito na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Vyanzo vingi vya ukanda huu huvuka kiwango hicho mara kadhaa. Magadi ya kulainishia maharage nayo huongeza yake. Watu wa huko wanajulikana kwa meno ya kahawia, na wengi huishia kuliona jambo hili kama suala la meno na aibu ya kucheka mbele ya watu. Meno ni dalili ya nje tu. Pale Ngurdoto, katika kituo cha utafiti wa kupunguza floraidi, maji huchujwa kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Chujio hilo hufanya kazi kwa sababu madini ya mfupa, yaitwayo hidroksiapatiti, huivuta floraidi na kuishika. Mfupa wa ng'ombe uliochomwa hufanya hivyo ndani ya ndoo. Mfupa wa mtu aliye hai hufanya hivyohivyo ndani ya mwili, mwaka baada ya mwaka, tangu utotoni.

Madaktari waliliona hili kwenye picha mapema. Mwaka 1932, Møller na Gudjonsson wa Copenhagen walieleza wafanyakazi wa kiwanda cha kusaga madini ya kriyolaiti, ambao eksirei zao zilionyesha mifupa myeupe kupita kawaida, huku mishipa inayounganisha mifupa ikianza kuwa migumu kwa chokaa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2001, watafiti waliolinganisha jamii sita za China zinazokunywa maji yenye floraidi ya viwango tofauti waliona kwamba waliokunywa maji yenye zaidi ya miligramu 4 kwa lita walivunjika mifupa zaidi kuliko waliokunywa maji yenye takribani miligramu 1.

Sasa mweke mama wa miaka 65 aliyezaliwa na kuzeekea pale Maji ya Chai, Arumeru, chini ya mashine ya kupima msongamano wa mifupa. Kwa yote tunayoyajua kuhusu floraidi, kuna uwezekano mkubwa ataambiwa kwamba mifupa yake ni mizito kuliko ya wenzake wa umri wake. Ataambiwa aende nyumbani kwa amani. Namba itamsifu, na mfupa utamwangusha.

Ili kuelewa kosa liko wapi, lazima tuulize mfupa hupata wapi nguvu zake. Kwanza ni mali ghafi. Mfupa ni madini yaliyofumwa na nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Madini hutoa ugumu. Kolajeni huupa mfupa uwezo wa kupinda kidogo na kunyonya kishindo bila kukatika. Fundi yeyote wa ujenzi anaujua mgawanyo huu wa kazi: zege lisilo na nondo hubeba mzigo ukilikandamiza, lakini ukilipinda hupasuka. Mfupa wa kuku uliolowekwa kwenye siki kwa siku nyingi hupoteza madini na kupinda kama mpira. Uliochomwa hupoteza kolajeni na kusagika mkononi. Upo hata ugonjwa wa kurithi ulioelezwa na Albers-Schönberg, daktari wa mionzi wa Hamburg, mwaka 1904, ambapo mifupa hujaa madini hadi uboho unakosa nafasi. Kwenye filamu mifupa hiyo hung'aa kama marumaru, na huvunjika kama chaki.

Pili ni umbo. Kiasi kilekile cha mfupa kikisambazwa mbali zaidi na kitovu, yaani mfupa ukiwa mpana wenye uwazi katikati, huhimili kupindwa kuliko kikikusanywa pamoja kwenye kijiti chembamba. Mwili unalijua hili: tunapozeeka, mfupa huliwa kwa ndani lakini hupanuka polepole kwa nje, na upanuzi huo hufidia sehemu ya hasara.

Tatu ni mpangilio wa ndani. Ndani ya pingili na shingo ya paja kuna wavu wa vijiti vidogo vya mfupa vilivyojipanga kufuata njia za mzigo, jambo ambalo Julius Wolff wa Berlin alilifanya kuwa kanuni mwaka 1892. Vijiti vya wima hubeba uzito, vya mlalo huvizuia vile vya wima visijikunje. Kijiti cha mlalo kikikatika, kile cha wima hubaki kirefu bila mshikizo, na urefu huo pekee hukidhoofisha mno. Kwa hiyo hasara ndogo ya madini, ikitokea mahali pabaya, huondoa nguvu nyingi. Watu wawili wanaweza kuwa na gramu zilezile za madini, mmoja akiwa na wavu mzima na mwingine akiwa na vipande visivyoshikana.

Hayo yote ni upande wa mfupa tu. Mvunjiko hutokea pale mzigo unapozidi nguvu, na mzigo una habari zake nyingine. Zaidi ya asilimia 90 ya mivunjiko ya nyonga hutokana na kuanguka, mara nyingi kwa ubavu. Mtoto wa jicho ambaye hajatolewa, sakafu ya bafu inayoteleza, dawa ya presha inayomfanya bibi aone kizunguzungu akiinuka usiku, choo kilicho ng'ambo ya uwanja usio na taa: hakuna mashine ya picha inayoyaona hayo, wakati kila mwanafamilia anayaona.

Turudi kwenye mashine yenyewe. Mashine hiyo ya kupima msongamano wa mifupa, iitwayo DEXA, iliingia sokoni mwaka 1987. Hutuma mionzi ya nguvu mbili tofauti. Kwa kuwa nyama na mfupa huizuia kwa viwango tofauti, kompyuta huweza kuondoa hesabu ya nyama na kubakiza madini ya mfupa. Mionzi yake ni kidogo sana, kipimo huchukua dakika chache na hakiumi. Mwaka 1994 kundi la wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, chini ya John Kanis, liliweka mstari: mtu ambaye msongamano wake uko chini ya wastani wa mwanamke kijana mwenye afya kwa alama 2.5 za mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi watu wanavyotofautiana na wastani) au zaidi, ana ugonjwa wa mifupa kudhoofika. Hiyo ndiyo alama ya T, na hasi 2.5 imegeuka mlango: ukiwa upande huu unapewa dawa, ukiwa upande ule unapewa ushauri wa kunywa maziwa.

Sisemi kipimo hiki ni bure. Uchambuzi wa Marshall na wenzake wa mwaka 1996, uliokusanya tafiti nyingi, ulionyesha kwamba kwa kila alama moja inayopungua kwenye nyonga, hatari ya kuvunjika nyonga hupanda kama mara 2.6. Ni uwezo unaokaribiana na wa kipimo cha presha katika kutabiri kiharusi, na hakuna anayetaka kuitupa mashine ya presha. Lakini waandishi haohao walisema waziwazi kwamba kipimo hiki hukadiria hatari bila kuweza kumtaja mtu atakayevunjika. Kule Rotterdam, Uholanzi, wazee waliofuatiliwa kwa miaka walionyesha maana ya maneno hayo: kati ya mivunjiko yote isiyo ya uti wa mgongo, ni asilimia 44 tu ya ile ya wanawake na asilimia 21 ya ile ya wanaume iliyowapata watu waliokuwa chini ya mstari wa hasi 2.5. Wengi waliovunjika walikuwa upande wa mlango unaoitwa salama. Hali hiyo haishangazi ukiitafakari: upande huo ndio wenye watu wengi, na hatari ndogo ikizidishwa kwa watu wengi huzaa majeruhi wengi.

Kuna kasoro nyingine ambayo ni ya hesabu tupu, nayo inawagusa watu wafupi. DEXA hupiga picha bapa. Haioni kina cha mfupa, kwa hiyo hugawanya gramu za madini kwa eneo na kuacha ujazo nje ya hesabu. Chukua vipande viwili vya mfupa vyenye madini sawasawa, gramu 0.3 katika kila sentimita ya ujazo, kimoja kikiwa na kina cha sentimita 2 na kingine 3. Mashine itasema cha kwanza kina gramu 0.6 kwa sentimita ya mraba na cha pili 0.9. Mali ghafi ni ileile. Kilichotofautiana ni ukubwa. Mwanamke mwenye maumbile madogo huanza safari yake ya vipimo akiwa na deni ambalo hakulikopa.

Deni hilo linapimwa dhidi ya nani? Kwa nyonga, kigezo kinachopendekezwa kimataifa ni wanawake weupe wa Marekani wenye umri wa miaka 20 hadi 29, waliopimwa kwenye utafiti wa afya wa taifa hilo. Hapa ndipo Gambia inapotupa somo. Mwaka 1996, Terry Aspray, Ann Prentice na wenzao walichapisha vipimo vya wanawake wa vijijini nchini humo. Ukilinganisha na Waingereza, mifupa ya wanawake hao ilikuwa na madini pungufu, na kwa kigezo cha Ulaya wengi wa wazee wao wangeitwa wagonjwa. Lakini mivunjiko ya uzeeni ilikuwa nadra miongoni mwao. Miaka 28 kabla yake, Louis Solomon alikuwa ameandika jambo linalofanana kutoka Johannesburg: Waafrika weusi wenye msongamano usio mkubwa, na nyonga zinazovunjika mara chache mno.

Sababu zinazotajwa ni nyingi. Yapo maumbile ya shingo ya paja, upo unene wa ganda la nje la mfupa, zipo kazi za shamba zinazoupa mfupa mazoezi tangu utoto, na upo ukweli kwamba wachache walifikia umri wa hatari. Sioni haja ya kuchagua mojawapo hapa. Ninachokiona ni kwamba tunayo mifano miwili iliyosimama pande mbili za kosa lilelile: mifupa ya floraidi iliyo mizito na inayovunjika, na mifupa ya Gambia iliyo myepesi na isiyovunjika. Kipimo kinachokosea pande zote mbili kinahitaji msaidizi. Kununua nakala nyingi zaidi za mashine ileile hakutakisaidia.

Ila tusijidanganye kwamba Mwafrika ana mifupa ya chuma. Gambia ya 1996 haikuwa na wazee wengi kama ilivyo leo, wala maisha ya kukaa kitako ofisini na kwenye magari. Mradi wa Fractures-E3 unaoongozwa na Celia Gregson wa Chuo Kikuu cha Bristol ulianzishwa kuhesabu mivunjiko ya nyonga Gambia, Afrika Kusini na Zimbabwe, na kazi kama hiyo ndiyo ninayoitamani kwetu: kuhesabu waliovunjika. Bila hesabu hiyo hata vikokotoo vya hatari havitufai sana. Kile maarufu zaidi, FRAX, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 2008, huuliza umri, uzito, urefu, kama umewahi kuvunjika, kama mzazi wako alivunjika nyonga, sigara, pombe, dawa za steroidi na mengine machache, kisha hutoa uwezekano wa kuvunjika ndani ya miaka kumi. Kinaweza kufanya kazi hata bila DEXA. Lakini kila nchi huhitaji toleo lake, lililojengwa kwa idadi ya mivunjiko na vifo vya nchi hiyo, na nchi nyingi za Afrika hazina. Daktari hulazimika kuazima nchi ya watu, na mgonjwa yuleyule hupata jibu tofauti kabisa kutegemea ameazimwa wapi.

Wapo watakaosema teknolojia mpya itatuvusha. Ni kweli imepiga hatua. Programu iliyobuniwa na Didier Hans wa Lausanne na wenzake husoma picha ileile ya DEXA ya mgongo na kukadiria, kwa mabadiliko madogomadogo ya kijivu, kama wavu wa ndani bado umeshikana. Mashine za CT (eksirei inayopiga picha tabaka kwa tabaka) za kiwango cha juu sana, zinazopima kifundo cha mkono na goko, huona vijiti vyenyewe vyenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Mwaka 2019 watafiti waliounganisha takwimu za watu 7,254 wa Marekani, Kanada, Ufaransa, Uswisi na Sweden walionyesha kwamba picha hizo hutabiri mvunjiko hata baada ya kuzingatia DEXA na FRAX.

Kinachonivutia zaidi ni jaribio la kuuvunja mfupa ndani ya kompyuta. Picha ya CT ya nyonga hukatwa na programu kuwa maelfu ya vijipande vya mchemraba, kila kijipande hupewa ugumu kulingana na weupe wake, kisha nyonga hiyo huangushwa kwa ubavu kihesabu, na programu hutaja nguvu itakayoivunja. Ni hesabu ileile ya wahandisi wa madaraja na mabawa ya ndege. Tony Keaveny wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni miongoni mwa walioifikisha hospitalini. Katika njia yao, nyonga ya mwanamke inayokadiriwa kuvunjika chini ya newtoni 3,000, yaani karibu uzito wa kilo 300, huhesabiwa kuwa dhaifu. Kwa mwanaume mstari ni 3,500. Hii ndiyo mara ya kwanza swali la mgonjwa, "mfupa wangu utahimili nini?", linajibiwa kwa kipimo cha nguvu badala ya kipimo cha madini.

Lakini rudi kwenye sentensi ya katikati: kila kijipande hupewa ugumu *kulingana na weupe wake*. Njia zote hizi, ziwe za wavu, za ganda au za kompyuta, zinaanzia kwenye kiasi cha mionzi kilichozuiwa na madini. Zimesahihisha tatizo la umbo na tatizo la mpangilio. Tatizo la mali ghafi bado lipo palepale, kwa sababu kolajeni haionekani kwa eksirei. Kanuni za kugeuza weupe kuwa ugumu zilitokana na kuvunja katika maabara mifupa ya watu waliofariki, wengi wao wa nchi za Magharibi, ambao hawakunywa maji ya Meru. Ninavyoona mimi, nyonga iliyojaa floraidi ikiingizwa kwenye programu hiyo itatoka na newtoni nyingi ambazo haina. Ukanda wa Bonde la Ufa ungeweza kuufundisha ulimwengu jambo hapa: kuwafuatilia kwa miaka watu ambao floraidi ya maji yao inajulikana, wenye picha za CT zilizokwisha kupigwa, na kuandika nani alivunjika. Mikoa yenye tatizo ndiyo yenye jibu.

Tatizo hili la mali ghafi haliishii Arusha wala Nakuru. Kisukari cha aina ya pili ni mfano ulio katika kila mtaa. Wenye kisukari hicho kwa kawaida huwa na msongamano mzuri, mara nyingine kuliko wasio nacho, na bado huvunjika zaidi. Sukari hung'ang'ania kwenye kolajeni na kuikakamaza. Macho yakififia na miguu ikipoteza hisia, kuanguka nako huongezeka. Daktari anayemwambia mgonjwa wa kisukari kwamba alama yake ya T ni nzuri kwa hiyo asiwe na wasiwasi, anamnyima tahadhari anayostahili.

Halafu kuna wanaotumia dawa za kufubaza VVU. Tenofovir ya aina ya disoproksili, iliyomo kwenye kidonge kimoja kinachomezwa kila siku na mamilioni ya watu wetu, hupunguza msongamano kwa asilimia chache katika mwaka wa kwanza na wa pili, kisha upungufu hutulia. Watafiti wa Kampala waliowafuatilia wanawake walioanza dawa hiyo huku wakitumia sindano ya uzazi wa mpango waliona hasara kubwa zaidi pale viwili hivyo vilipokutana. Hakuna anayepaswa kuacha dawa kwa kusoma haya. Dawa hizo ndizo zilizowafikisha watu uzeeni. Na ndiyo hoja yangu: kizazi cha kwanza kinachozeeka kikiwa kwenye matibabu hayo kimeanza kuvuka miaka 60 sasa, na kliniki zinazowapima wingi wa virusi kwa uaminifu hazina safu kwenye kadi ya kuuliza kama mtu amevunjika kifundo cha mkono kwa kujikwaa tu.

Nini kifanyike, basi, bila kusubiri mashine ambazo hata zikija zitakaa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala?

Jibu langu ni kusoma picha ambazo tayari tunazo. Kenya ilianza mwaka 2015 kukodi vifaa vya picha kwa ajili ya hospitali za kaunti. Tanzania katika miaka ya karibuni imepeleka mashine za CT hadi hospitali za rufaa za mikoa. Watu hupigwa picha hizo kwa sababu nyingine: tumbo, mapafu, ajali ya bodaboda. Ndani ya kila CT ya tumbo kuna pingili za mgongo, na hakuna mionzi ya ziada inayohitajika kuziangalia. Perry Pickhardt na wenzake wa Wisconsin walionyesha mwaka 2013, kwa watu 1,867, kwamba kipimo rahisi cha weupe wa pingili ya kwanza ya kiuno, kinachochukua sekunde chache kwenye skrini, kinaweza kutenganisha watu: chini ya vizio 110 vya Hounsfield, yaani kipimo cha weupe wa picha ya CT, kuna uwezekano mkubwa wa udhaifu, juu ya 160 uwezekano ni mdogo. Bado ni weupe, na mapungufu yake nimeyaeleza. Lakini ni weupe wa ujazo halisi, usiomwadhibu mtu mfupi.

Chenye thamani zaidi ni umbo la pingili. Pingili iliyobonyea haihitaji kulinganishwa na wanawake wa Marekani. Haihitaji alama ya T wala kikokotoo cha kuazima. Ni mfupa wa mtu huyuhuyu, ulioshindwa kubeba mzigo wa maisha yake ya kawaida, na iwe ulikuwa mweupe au wa kijivu, umeshindwa. Utafiti wa Robert Lindsay wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba miongoni mwa wanawake wanaopata mvunjiko wa pingili, mmoja kati ya watano hupata mwingine ndani ya mwaka mmoja. Harry Genant alishaweka tangu 1993 njia ya kuzipanga kwa jicho: urefu uliopungua kwa asilimia 20 hadi 25 ni daraja la kwanza, hadi 40 la pili, zaidi ya hapo la tatu. Haihitaji programu. Inahitaji tu mtu wa picha aandike anachokiona, na hapo ndipo tunapokwama, kwa sababu picha ya kifua ikiombwa kwa ajili ya nimonia, ripoti hurudi na habari za nimonia peke yake. Wengi wa wazee hawa huishi na maumivu ya mgongo wanayoambiwa ni uzee, wakipungua kimo mwaka hadi mwaka.

Kwetu kuna tahadhari moja ambayo vitabu vya Ulaya huipitia haraka. Kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo, nacho hubonyeza pingili na kuleta kibiongo. Kwa kawaida hula gegedu kati ya pingili mbili na kuziharibu zote mbili pamoja, wakati mfupa dhaifu hubonyea wenyewe na kuacha gegedu likiwa na nafasi yake. Saratani nayo huweza kujificha humo. Kwa hiyo pingili iliyobonyea ni mwanzo wa uchunguzi, na anayekimbilia vidonge vya kalsiamu bila kuuliza amekosea kama yule aliyeipuuza.

Na kabla ya picha yoyote, maswali. Uingereza ilijaribu hili kwa wanawake 12,483 wenye miaka 70 hadi 85: maswali ya FRAX kwanza, DEXA kwa waliohofiwa tu, kisha dawa kwa waliohitaji. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha mivunjiko ya nyonga ikipungua kwa asilimia 28, ingawa jumla ya mivunjiko yote haikupungua. Mashine ilikuja ya pili, baada ya mazungumzo.

Niseme pia kuhusu vibanda vya maonyesho na kliniki za mtaani zinazompa mtu kijiti cha chuma akishike mkononi, kisha kompyuta ndogo inatoa karatasi ndefu yenye mstari wa "msongamano wa mifupa", na pembeni kuna makopo ya virutubisho yanayouzwa. Kijiti hicho hakipigi picha wala hakipitishi mionzi wala sauti kwenye mfupa. Karatasi hiyo haina habari yoyote ya mifupa yako. Kipo kipimo halali cha sauti ya ultrasaundi kwenye kisigino, kilichotokana na kazi ya Christian Langton mwaka 1984, lakini hicho huwekwa kisiginoni, na hata chenyewe hakitoshi kumwanzishia mtu dawa peke yake.

Pa kuanzia pawe chumba cha hogo. Mama wa miaka 58 amejikwaa uani, ameanguka kwa kiganja, kifundo cha mkono kimevunjika. Anapigwa eksirei, mfupa unarudishwa, anafungwa hogo, anapangiwa kurudi baada ya wiki sita. Kifundo hicho kilikuwa kipimo cha nguvu ya mfupa kilichofanyika bila mashine, na jibu limeshatoka, lakini hakuna anayeliandika. Kabla hajaondoka aulizwe umri wa kukoma hedhi, dawa anazotumia, kisukari, maji aliyokulia, kama kimo kimepungua, kama aliwahi kuanguka mwaka huu. Apigwe eksirei ya mgongo kwa ubavu. Ikiwa ni nyonga iliyovunjika, jambo ni la haraka zaidi: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, wagonjwa waliopewa asidi ya zoledroniki kwa dripu mara moja kwa mwaka baada ya kuvunjika nyonga walipata mivunjiko mipya pungufu kwa asilimia 35, na vifo pungufu kwa asilimia 28. Dawa hiyo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya saratani iliyoingia mifupani, na hospitali zetu zenye idara za saratani zinaijua. Iko jengo la pili kutoka wodi ya mifupa.